Usianze na Kikombe cha Chai, Anza na Sahani

Mtu akiambiwa hospitalini kwamba sukari yake imepanda, kinachoondolewa kwanza nyumbani ni kopo la sukari. Chai inanywewa kavu, soda inapigwa marufuku, na watoto wanaonywa wasithubutu kumkatia baba keki siku ya sikukuu. Hatua hizo ni njema na zisirudishwe nyuma. Shida ni kwamba katika nyumba nyingi kazi inaishia hapo. Mchana wa siku ileile mgonjwa anapakuliwa ugali wa sembe uliojaa sahani, pembeni mchicha wa vijiko viwili na kipande cha samaki, halafu anaambiwa akajilaze kwa kuwa mgonjwa hatakiwi kuchoka. Miezi mitatu baadaye anarudi kliniki, sukari iko palepale, na ndugu wanaanza kunong'ona kwamba dawa za hospitali hazifai kitu. Ninachotaka kukuonyesha ni hiki: kwa wengi wetu, sukari hupandishwa na wingi wa wanga unaoingia kwa mlo mmoja katika mwili ambao misuli yake haina kazi. Chakula, mfungo na mazoezi ni njia tatu za kushughulikia jambo hilo hilo moja, na anayezitenganisha anazipunguzia nguvu.

Tufanye hesabu kidogo. Damu yote ya mtu mzima ni kama lita 5, na asubuhi kabla ya kula, sukari iliyomo ndani yake kwa mtu mwenye afya ni gramu 4 hadi 5 tu, yaani kijiko kimoja cha chai. Mwili unahangaika usiku na mchana ili kiwango hicho kisiyumbe. Sasa shika unga wa sembe. Takriban robo tatu ya uzito wake ni wanga, na wanga ukishameng'enywa tumboni unageuka glukosi, sukari ileile inayopimwa kwenye damu. Kilo moja ya unga ikisongwa kwa watu watano, kila mmoja amekula kama gramu 200 za unga, ambazo ndani yake mna gramu 150 za wanga. Kijiko cha chai cha sukari kina gramu 4. Gawanya mwenyewe: sahani hiyo moja ina wanga wenye uzito wa vijiko zaidi ya 35 vya sukari, na sehemu kubwa yake itaingia kwenye damu ndani ya saa mbili tatu. Aliyeacha vijiko viwili kwenye chai amepunguza gramu 8. Amefanya vizuri, lakini mzigo mkubwa hajaugusa. Wali mweupe, chapati, mkate, mihogo, viazi, magimbi na ndizi za kupika vina maji zaidi au kidogo, vinashibisha tofauti, ila vyote viko upande huo huo wa hesabu.

Wanga huo unakwenda wapi? Kongosho hutoa insulini, na insulini hufungua njia ili glukosi itoke kwenye damu iingie kwenye misuli na ini. Misuli ndiyo ghala kubwa kuliko yote. Mtu anapolima, anapotembea au kubeba mzigo, ghala linatumika na kupata nafasi. Anapokaa kutwa nzima, ghala limejaa na mlango unagoma. Papo hapo, chakula kilichozidi mahitaji kinahifadhiwa kama mafuta tumboni na ndani ya ini lenyewe, na ini lenye mafuta haliisikii insulini vizuri, hivyo linaendelea kumwaga sukari kwenye damu hata saa nane za usiku. Ndiyo sababu wapo wanaoshangaa kupima asubuhi na kukuta sukari iko juu ilhali walilala bila kula. Kwa miaka mingi kongosho inajitahidi kwa kuongeza insulini, na vipimo vinaonekana vya kawaida. Siku inapolemewa, ndipo mtu anaitwa mgonjwa wa kisukari aina ya pili, ingawa safari ilianza zamani.

Kwa kuwa safari ni ndefu, inaweza kukatizwa njiani, na hili si suala la matumaini tu. Katika mji wa Da Qing, China, kuanzia mwaka 1986, watu 577 waliokuwa ukingoni mwa kisukari walifuatiliwa, baadhi yao wakisaidiwa kubadili chakula na kufanya mazoezi kwa miaka 6. Miaka 30 baadaye, waliosaidiwa walionekana kuchelewa kupata kisukari kwa karibu miaka 4 kuliko wenzao, na maradhi ya moyo na vifo vilikuwa pungufu kwao. Ufini ilichapisha matokeo ya utafiti kama huo mwaka 2001, na Marekani mwaka 2002 kwa utafiti wa watu 3,234. Katika nchi hizo mbili, kupunguza uzito kidogo na kutembea kulipunguza hatari ya kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 58. Huko Marekani kundi jingine lilipewa metformini, dawa ya kisukari inayoheshimika, nayo ilipunguza hatari hiyo kwa asilimia 31. Lengo walilopewa watu huko halikuwa la wanariadha: kupunguza asilimia 7 ya uzito, ambayo kwa mtu wa kilo 85 ni kilo 6, na dakika 150 za mazoezi kwa wiki. Kwa hiyo anayesema kisukari ni cha ukoo wao na hakuna la kufanya, amesema nusu ya ukweli. Damu ya ukoo huongeza uwezekano. Wengi wa wale waliozuia ugonjwa nao walikuwa na wazazi au ndugu wenye kisukari.

Kuna hoja nyingine ambayo husemwa kwa uhakika zaidi: mababu zetu walikula ugali na mihogo maisha yao yote na hawakuugua. Ni kweli kwamba kisukari kilikuwa nadra vijijini. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Tanzania miaka ya 1980 ulikuta wagonjwa wapatao mtu mmoja tu kwa kila watu wazima mia moja, wakati uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta sukari iliyopanda kwa takriban asilimia 9 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Mbinu za kupima hazikuwa sawa kabisa, lakini pengo hilo halielezwi na mbinu peke yake. Lililobadilika linaonekana vizuri kwenye utafiti uliofuatilia watu zaidi ya 200 waliohama vijiji vya mkoa wa Morogoro kwenda kuishi Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2010. Walipimwa kabla ya kuondoka na kupimwa tena ndani ya mwaka mmoja. Wanaume waliokuwa wakifanya kazi nzito walishuka kutoka karibu wanane kwa kila kumi hadi chini ya watatu, na wastani wa uzito uliongezeka kwa kilo zaidi ya 2. Mwaka mmoja tu! Ugali wa babu ulikuwa na jembe nyuma yake, kilomita za kutembea kwenda kisimani na sokoni, na unga uliotwangwa ukiwa na pumba zake. Anayekula sahani ya babu bila jembe la babu hafuati mila, amechukua nusu yake.

Basi anza na namna ya kupakua. Katika nyumba nyingi ugali au wali hutangulia sahanini, ukajaa, kisha mboga ikatafutiwa pembe iliyobaki. Geuza utaratibu huo. Pakua kwanza mboga za majani na nyinginezo mpaka zifike nusu ya sahani: mchicha, matembele, sukuma wiki, kabichi, bamia, biringanya, kachumbari. Robo moja iwe maharage, kunde, choroko, dagaa, samaki, mayai, kuku au nyama. Robo inayobaki ndiyo ya ugali, wali, chapati au viazi, na kwa ugali, donge lote lisizidi ngumi yako. Ukikaa kula, tangulia na mboga na maharage, ugali umalizie. Mwaka 2015 watafiti wa New York waliwapa watu 11 wenye kisukari mlo uleule kwa siku mbili tofauti, siku moja wakianza na mkate, siku nyingine wakianza na mboga na kuku. Walipoanza na mboga na kuku, sukari iliyopimwa nusu saa na saa moja baada ya kula ilikuwa chini kwa zaidi ya robo. Watu 11 ni wachache, sikatai, lakini ushauri huu hauna gharama wala madhara, na ukiwa na mashine ya kupimia unaweza kuujaribu kwako mwenyewe kesho. Panapoliwa sinia moja ugumu ni mkubwa zaidi, kwa sababu hakuna anayejua amekula kiasi gani. Mwenye sukari apakuliwe yake bila kuona haya, na aketi palepale na wenzake.

Utasikia kwamba chakula hiki ni cha matajiri. Kingekuwa cha matajiri kama kingedai nyama kila siku na mboga za kwenye friji za maduka makubwa. Dagaa, maharage, kunde na fungu la mchicha ni vyakula vya soko la kila mtaa, na unga unaopunguzwa kwenye sufuria ni fedha iliyobaki mfukoni. Lalamiko lenye uzito zaidi ni la njaa, kwamba ugali kidogo haushibishi. Ugali kidogo peke yake haushibishi kweli, na hapo ndipo wengi wanapokwama: wanapunguza ugali bila kuongeza chochote mahali pake, wanakaa na njaa mpaka saa kumi, kisha wanamaliza maandazi matatu. Kinachoshikilia tumbo kwa muda mrefu ni protini na nyuzinyuzi. Bakuli zima la maharage liwe mlo, lisiwe kitoweo cha kulowanishia tonge. Angalia mafuta pia, maana mboga iliyoungwa kwa nazi nzito au karanga nyingi inaongeza uzito hata kama haipandishi sukari saa ileile.

Ushauri mwingine unaozunguka kila kliniki ni wa kuhamia dona, mtama au ulezi. Kuhama huko ni kuzuri, kwa kuwa pumba na kiini cha nafaka vina nyuzinyuzi na madini ambavyo sembe imevipoteza mashineni. Kosa ni kuamini kwamba unga huo hauna wanga. Mtama ni wanga, ulezi ni wanga, na ukisagwa laini sana ukapikwa uji unaonywewa kwa dakika tano, unapanda haraka. Anayekula dona sahani nzima kwa sababu ameambiwa ni "ugali wa wenye kisukari" hajapunguza kitu kikubwa. Hali ni hiyo hiyo kwa asali na sukari guru: ni sukari. Matunda yaliwe mazima na kwa kiasi, kipande cha papai au chungwa moja, si maembe dodo matatu kwa mkupuo. Juisi, hata ile iliyokamuliwa nyumbani bila kuongezwa chochote, imepoteza nyuzinyuzi na kubaki na sukari ya machungwa manne ndani ya glasi moja. Soda ya mililita 350 ina karibu gramu 37 za sukari, zaidi kidogo ya vijiko tisa, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asivuke gramu 50 kwa siku, na ni bora zaidi akibaki chini ya 25. Chai nne za vijiko vitatu zimefika 48. Kikombe nacho kina sehemu yake, ndiyo maana nilisema sukari iliyoondolewa kwenye chai isirudishwe.

Upande wa mazoezi, jambo linalopuuzwa kuliko yote ni saa. Misuli inayofanya kazi huvuta glukosi hata bila kusubiri insulini, kwa hiyo wakati mzuri wa kuitumia ni ule ambao sukari inapanda, yaani mara baada ya kula. Watafiti wa New Zealand walilipima hili mwaka 2016 kwa watu 41 wenye kisukari aina ya pili. Walipotembea dakika 10 baada ya kila mlo, sukari ya baada ya kula ilikuwa chini kwa asilimia 12 kuliko walipotembea dakika 30 mfululizo wakati wowote wa siku. Baada ya mlo wa jioni tofauti ilifika asilimia 22, kwa sababu jioni ndipo watu hula wanga mwingi kuliko wakati mwingine kisha hukaa. Hiyo ndiyo ratiba ya nyumba zetu pia: chakula kikubwa saa mbili usiku, televisheni, kitanda. Kama utabadili kitu kimoja tu baada ya kusoma hapa, badili hicho. Ukimaliza kula usiku, inuka. Barabara ikiwa na giza au si salama, zunguka uani, panda na kushuka ngazi, osha vyombo, deki sebule, tembea korido mara ishirini ukizungumza na simu. Mwanamke asiyependa kuonekana akikimbia barabarani hakosi chochote. Misuli haijui kama iko uwanjani au jikoni.

Anayesema anachoka kazini kutwa nzima ana haki ya kusikilizwa, lakini uchovu wa kukaa dukani, kwenye usukani au mbele ya kompyuta haujatumia misuli. Kwake yeye, kuinuka kila nusu saa kwa dakika mbili tatu ni mwanzo. Juu ya hapo, mara mbili au tatu kwa wiki ipe misuli mizito kazi: inuka na kukaa kitini mara kumi bila kujishikilia kwa mikono, pumzika, rudia. Misuli ya mapaja na makalio ndiyo mikubwa kuliko yote mwilini, hivyo ndiyo inayomeza sukari nyingi. Mwenye kisukari tayari avae viatu vinavyofunika na akague nyayo zake kila jioni, maana ganzi ya miguu huficha jeraha mpaka likaoza. Na anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi, ambavyo huweza kushusha sukari kupita kiasi, atembee na pipi au sukari mfukoni.

Nimeufikia mfungo, na hapa nataka kwenda polepole, kwa kuwa ni ibada kabla ya kuwa tiba. Miaka hii kufunga kwa saa 16 kumetangazwa kama dawa ya kisukari. Ushahidi ni wa wastani zaidi. Huko Guangzhou, China, watu 139 wenye unene uliozidi walipunguziwa chakula kwa mwaka mzima, nusu yao wakila kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu, nusu wakila muda wowote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022: makundi yote mawili yalipungua uzito, bila tofauti ya maana kati yao. Kilichofanya kazi ni kupungua kwa chakula. Kufunga kunamsaidia yule ambaye ni rahisi kwake kukataa mlo mzima kuliko kula nusu ya mlo, na wapo wengi wa namna hiyo. Hakumsaidii anayelipa saa 16 za njaa kwa sahani mbili zilizorundikwa.

Tazama meza ya futari ya pwani jioni ya Ramadhani. Tende, uji wa mchele wenye sukari na pilipili manga, juisi ya ukwaju au embe, kaimati zilizolowa shira, vitumbua, mihogo ya nazi, viazi vitamu, ndizi mbichi za nazi, magimbi, tambi za sukari. Na baada ya tarawehe, wali. Ni meza ya ukarimu na inapendeza macho, lakini samaki na mboga ukiziondoa, karibu kila chombo kimebeba wanga au sukari, na kwenye damu iliyokaa bila chakula tangu alfajiri vyote vinashuka ndani ya nusu saa. Ndiyo sababu wapo wanaomaliza mwezi wakiwa wameongezeka uzito baada ya kufunga siku 29 au 30. Tengeneza meza hiyo hiyo kwa namna nyingine. Fungua kwa tende moja mpaka tatu na maji, nenda kasali Magharibi, ukirudi anza na supu ya samaki, kuku au choroko. Kisha chagua wanga mmoja tu: ukitaka mihogo leo, ndizi na magimbi yangoje kesho. Weka samaki na mboga kando yake. Kaimati iwe ya Ijumaa, moja au mbili, baada ya chakula. Nenda msikitini kwa miguu kama unaweza. Tarawehe yenyewe, kwa rakaa zake za kuinama na kuinuka, ni mwendo mzuri baada ya kula. Daku usiiache wala usiile saa sita usiku ukalala. Ile karibu na alfajiri, iwe na mayai, maharage au maziwa ya mtindi, na maji ya kutosha. Wakristo wanaofunga Kwaresima, au wanaoingia mfungo mkavu wa siku tatu, wana hatari hiyo hiyo siku ya kufungua, kwa soda na sahani ya pilau.

Kwa anayetumia dawa, mfungo unaweza kuua, na sitalizunguka neno hilo. Utafiti wa EPIDIAR uliwachunguza Waislamu 12,243 wenye kisukari katika nchi 13. Katika Ramadhani, kushuka kwa sukari kwa kiwango cha kulazwa hospitali kuliongezeka karibu mara 5 kwa wenye kisukari aina ya kwanza, na zaidi ya mara 7 kwa wenye aina ya pili. Hatari kubwa iko kwa wanaotumia insulini na vidonge kama glibenklamaidi, vinavyosukuma sukari chini hata kama tumbo ni tupu. Metformini peke yake haina hatari hiyo kwa kiwango kikubwa. Muone daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi, yaani ndani ya Rajabu, ili dozi na saa zibadilishwe. Wakati wa kufunga pima sukari. Wataalamu wa tiba na wanazuoni wengi wamekubaliana kwamba kutoboa kidole hakubatilishi saumu. Ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, au ikizidi 16.6, fungua papo hapo hata kama imebaki dakika kumi adhana isikike. Vivyo hivyo ukitokwa jasho jembamba, mikono ikitetemeka, moyo ukienda mbio na akili ikaanza kuvurugika: koroga vijiko vinne vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Wenye kisukari aina ya kwanza, wajawazito wenye sukari, wenye figo mbovu na waliowahi kuzimia kwa sukari kushuka wanashauriwa wasifunge kabisa. Anayehofia kuonekana dhaifu wa imani akumbuke kwamba ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Kurani yenyewe, katika Surat al-Baqara. Aliyeiweka ruhusa hiyo anamjua mgonjwa kuliko majirani wanaomsema.

Hapa ndipo pia pa kuzungumzia mlonge, mwarobaini, mdalasini na chupa za unga zinazouzwa kwa ahadi ya kutibu kisukari kwa siku 21. Baadhi ya mimea ina kemikali zinazogusa sukari kidogo. Hakuna hata mmoja uliothibitishwa kuchukua nafasi ya dawa, na anayeacha vidonge vyake ili ajaribu anahatarisha miguu na macho yake. Wauzaji hupenda kutaja watu "waliopona". Kisukari kutulia bila dawa kunawezekana, na kumepimwa kwa uaminifu: katika utafiti wa DiRECT wa Uingereza, uliotoka mwisho wa mwaka 2017, asilimia 46 ya waliopewa mlo wa kalori 825 hadi 853 kwa siku, kwa miezi 3 hadi 5, walikuwa wametulia bila dawa baada ya mwaka mmoja. Miongoni mwa waliopungua kilo 15 au zaidi walikuwa asilimia 86. Lakini hao walikuwa na kisukari cha miaka isiyozidi 6, hawakuwa kwenye insulini, na dawa zao zilisimamishwa na madaktari waliokuwa wakiwapima. Baada ya miaka miwili, waliobaki wametulia walikuwa asilimia 36, kwa sababu uzito ukirudi, sukari hurudi nayo. Habari hiyo ni njema kuliko ahadi ya chupa, na ni ya kweli.

Usijiondoe kwa sababu wewe ni mwembamba. Mafuta ya ndani ya tumbo huweza kujificha kwa mtu ambaye mizani inamsifu. Chukua kamba, jipime urefu kutoka unyayoni hadi utosini, ikunje katikati, uizungushe tumboni usawa wa kitovu. Ncha zisipokutana, tumbo lako limezidi nusu ya urefu wako na una sababu ya kupima. Pima pia kama umevuka miaka 40, kama mzazi au ndugu wa damu ana kisukari, kama una presha, au kama ulipata sukari ya ujauzito au kujifungua mtoto wa kilo 4 na zaidi. Mtoto au kijana mwenye kiu isiyokwisha, anayekojoa mno na kukonda kwa haraka, asisubiri ushauri wa chakula. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda anahitaji insulini ili aishi.

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 24 katika kanda yake ya Afrika walikuwa wakiishi na kisukari, na zaidi ya nusu yao walikuwa hawajui. Nenda kituo cha afya asubuhi ukiwa hujala kwa saa 8, upimwe. Ikiwa chini ya milimoli 5.6 kwa lita, rudi kila mwaka au kadiri mtaalamu atakavyosema. Ikiwa kati ya 5.6 na 6.9, uko ukingoni, na kila kilichoelezwa hapa kimeandikwa kwa ajili yako zaidi ya mtu mwingine yeyote. Ikifika 7, kipimo kirudiwe maabara siku nyingine ili kuthibitisha, na ukishathibitishwa omba kipimo cha wastani wa miezi mitatu, kisha anza dawa utakazopewa sambamba na sahani mpya. Usipunguze dozi mwenyewe kwa sababu umeanza kutembea. Andika namba zako kwenye daftari pamoja na tarehe, na ulibebe kila unapokwenda kliniki.